Hesabu au sikio: anayejifunza u-DJ aanzie wapi?

Siku hizi anayetaka kuwa DJ hakosi walimu. Kuna kontrola ndogo, vile vifaa vya u-DJ vinavyochomekwa kwenye laptopu, zinazouzwa kwa bei ya simu, kuna video za bure, kuna kaka wa mtaani mwenye spika mbili na laptopu iliyopasuka kioo. Wanachogombania ni somo la kwanza. Wapo watakaokukalisha chini uhesabu moja, mbili, tatu, nne mpaka uote unahesabu. Wengine watakwambia hesabu ni mambo ya darasani: sikiliza muziki, tazama watu, kidole kitajua chenyewe. Na tangu kiingie kitufe cha sinki (sync), kinacholinganisha chenyewe mwendo wa nyimbo mbili, wamezaliwa wanaosema nyote mmepitwa na wakati, mashine inahesabu yenyewe. Mimi nasimama karibu na wa kwanza, ila si kwa sababu wanazozitoa wao.

Kinachohesabiwa ni kitu chepesi. Muziki mwingi wa klabu huenda kwa mapigo manne manne, na kila manne ni kipimo kimoja. Vipimo vinane, yaani mapigo 32, ni kifungu, na mwisho wa kifungu ndipo jambo hubadilika: besi inaingia, ngoma inakatika, kiitikio kinaanza. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo la nusu sekunde, kipimo cha sekunde 2 na kifungu cha sekunde 16. Amapiano inayotembea kwenye 112 hivi, kifungu chake ni sekunde 17 na ushee. Basi. Nadharia yote imeishia hapo, na mtu anaweza kuielewa akiwa kwenye foleni ya daladala.

Ugumu uko kwenye kuitumia. Chukua miksi ya kawaida, yaani kuunganisha nyimbo mbili, zote za mapigo 120. Wa kwanza uko kwenye kiitikio chake cha mwisho, umebakiza kifungu kimoja kabla sauti haijanyamaza. Wa pili una utangulizi wa ngoma tupu wa vipimo vinane, kisha mwimbaji anaingia. Ukiuachia wa pili kwenye pigo la kwanza la kifungu hicho cha mwisho, ngoma zake zinalala chini ya kiitikio, na mwimbaji mmoja anapofunga mdomo ndipo mwenzake anaufungua. Anayecheza hajui kilichotokea, anaona tu wimbo umegeuka na miguu yake haikusimama. Sasa uachie huohuo vipimo viwili mapema. Mapigo bado yanalingana, ngoma juu ya ngoma, hakuna anayekimbia wala kuchechemea. Lakini kwa sekunde 4 nzima kuna waimbaji wawili wanaongea kwa pamoja, mmoja anaaga na mwingine ameshaanza kusalimia. Ukichelewa vipimo viwili, unapata pengo: wa kwanza amenyamaza, wa pili bado anagonga ngoma, na kwenye harusi MC atalijaza pengo hilo kwa kupiga kelele.

Kwa hiyo mtu anaweza kulinganisha mapigo bila kosa hata moja na bado akaharibu miksi. Nawashangaa walimu wanaomtumikisha kijana miezi kwenye kulinganisha mapigo kwa mkono, halafu habari ya vifungu wanaigusa siku moja mwishoni kama nyongeza.

Kanuni ya 32 ina kwao, na kwao si kwetu. New York, miaka ya 1970 ilipokuwa inaanza, DJ Francis Grasso alikuwa akiunganisha rekodi mbili kwa vidole katika klabu ya Sanctuary, na rekodi zenyewe zilikuwa na wapiga ngoma binadamu. Kool Herc, DJ Mjamaika wa mtaa wa Bronx ambaye sherehe yake ya tarehe 11 Agosti 1973 huhesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop, alikuja kujulikana kwa kutafuta kile kipande cha ngoma ambacho wachezaji walikuwa wanakisubiri na kukirefusha kwa nakala mbili za rekodi moja. Hapo hapakuwa na 32, kulikuwa na macho yaliyotazama watu. DJ mwenzake wa Bronx, Grandmaster Flash, ndiye aliyelitia jambo hilo hesabu: alichora alama kwenye sahani kwa kalamu ya nta ili ajue airudishe mizunguko mingapi. Kisha zikaja mashine za ngoma, Roland TR-909 ya mwaka 1983 ikiwa mojawapo, na house ya Chicago, muziki wa klabu uliojengwa juu ya mashine hizo. Mashine haichoki wala haipandwi na mori. Watengenezaji wakawa wanatoa rekodi zenye ngoma tupu mwanzoni na mwishoni kwa sababu walijua kuna DJ atakayezichanganya. Kwa muziki wa namna hiyo 32 ni sheria kweli, maana uliumbwa uifuate.

Mafunzo mengi ya mtandaoni yanafundisha sheria za muziki huo. Halafu kijana wa Temeke au Kariobangi anakwenda kupiga muziki mwingine.

Hapa ndipo watu wa sikio wana hoja nzito, na hujibiwa kwa dharau wasiyostahili. Chukua zilipendwa. Rekodi za dansi za Radio Tanzania Dar es Salaam zilipigwa na bendi nzima kwa pamoja, bila mashine ya kuwagongea mapigo sikioni. Wimbo unaanza taratibu, mashairi yanasemwa yakaeleweka, kisha linakuja chemko, magitaa yanapishana, tarumbeta zinajibu, na bendi iliyopata moto haiulizi ruhusa ya kuongeza mwendo. Programu ikiuchorea wimbo huo mistari ya mapigo iliyonyooka, baada ya dakika chache mistari iko huku na ngoma iko kule. DJ anayetegemea kioo ataumbuka mbele ya wazee, na wazee wa zilipendwa hawana huruma.

Au rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2021 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ikishaanza, gitaa linazunguka duara fupi, tena na tena, mpaka atalaku, mhamasishaji wa bendi, apige ukelele wa kuita mtindo mwingine. Duara linaweza kurudiwa mara saba, linaweza kurudiwa mara kumi na moja. Anayesubiri pigo la 32 atajikuta mtindo umeshageuka katikati ya hesabu yake. Na chakacha ya pwani ndiyo inayomtoa jasho kabisa mtu wa moja-mbili-tatu-nne: vipigo vidogo vyake vinakwenda sita, vimegawanyika tatu tatu, na ukivipachikia nne utapotea kabla mstari wa pili wa wimbo haujaisha. Inabidi uhesabu yale mapigo makubwa mawili, yale ambayo kiuno kinayajua.

Pamoja na hayo, sikubali hitimisho lao. DJ mkongwe anayejisifu kwamba hajawahi kuhesabu maishani mwake amehesabu sana, ila hakuitambua kuwa ni hesabu. Alicheza ngoma utotoni, au aliimba kwaya ya kanisani ambako mwalimu alimpigia mapigo manne kwa mkono kila Jumamosi, au alikaa miaka nyuma ya DJ mwingine akibeba nyaya. Mwanafunzi ambaye hakupitia huko, ukimwambia "sikiliza tu", hujamfundisha kitu. Tena hata sebene ina hesabu, tofauti ni kwamba kinachohesabika ni lile duara. Ukijua duara la wimbo huu ni vipimo vinne, hujali limerudiwa mara ngapi. Unatoka pale linapoanza upya, basi. Ningekuwa mimi ndiye mwalimu, ningeanza na vipimo vinne na ile 32 ningeiweka baadaye, kama habari ya house na jamaa zake.

Dosari ya watu wa hesabu naiona vilevile. Wapo wanaohesabu kwa midomo usiku kucha, macho kwenye kioo, hedifoni masikioni, na mbele yao watu wameshakaa chini. Miksi yao haina kosa. Haina mtu pia.

Sinki sina ugomvi nayo. Wanaoidharau, hasa waliojifunzia mashine za sahani za Technics, wanatetea jasho lao, na nalielewa. Lakini kilichorahisishwa ni kulinganisha mwendo, ambayo ndiyo kazi ndogo; kubwa ni kujua vifungu. Sinki inajua pigo liko wapi, haijui mwimbaji amefika wapi. Zipo programu zinazopaka rangi sehemu za wimbo, huu utangulizi, hiki kiitikio, na kwa house zinasaidia. Wimbo wenye muundo wa kwake zinaukisia, na mwenye kulipia makisio hayo ni wewe. Upande wa pili: siku utakayopewa flashi ya wimbo ambao haujawahi kupita kwenye laptopu yako, mwenye harusi amesimama pembeni anasubiri, utatamani ungejua kulinganisha kwa mkono. Siku hizo zipo, ila si nyingi kiasi cha kuzifanya mtaala.

Bongo Fleva ndiyo inayonishawishi zaidi kwamba hesabu haikwepeki. Nyimbo nyingi za leo hazikutengenezwa kwa ajili ya DJ, zimetengenezwa kwa ajili ya simu. Jina la prodyuza linatamkwa, vipimo vinne vya kinanda, mwimbaji huyo. Ukisubiri utangulizi mrefu wa kuchanganyia, haupo. Kinachobaki ni kujitengenezea: unakata vipimo vinne vya mwanzo, unavifanya lupu, yaani kipande kinachojirudia, unavizungusha mara mbili au nne chini ya wimbo unaotoka, kisha unaachia. Lupu hiyo ikikatwa kwenye kipimo cha tatu na nusu, kila mzunguko utakuwa na kilema, na hata mpita njia atakisikia bila kujua jina lake. Kukata sawasawa ni hesabu tupu. Kuamua uizungushe mara mbili au nne ni kutazama watu.

Singeli inachanganya mambo kwa namna nyingine. Inakimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na programu nyingi zimewekewa mipaka ya kukisia mwendo, hivyo wimbo wa 240 unaandikwa 120. Mwanafunzi akiona 120 anashtuka na kudhani programu imeharibika. Anayejua kuhesabu anaona mlango: pigo moja la house ya 120 ni mapigo mawili ya singeli, kifungu cha mapigo 32 kule ni mapigo 64 huku, na vyote viwili vinachukua sekunde 16. Unaweza kutoka kwenye house ukaingia kwenye singeli bila kugusa mwendo, watu wakajikuta miguu imegeuka mara mbili ya ilivyokuwa.

Lakini hiyo ni singeli iliyorekodiwa. Kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya usiku kucha, MC ameshika maiki na anachana moja kwa moja juu ya lupu, na lupu haimpi mwisho. Anaweza kumaliza mistari yake kwenye kipimo cha sita, akakumbuka jina la aliyemtunza noti, akaongeza vitatu. Hapo kifungu kina urefu wa pumzi ya MC. Ma-DJ wanaoiweza kazi hiyo huwa wamegeuza shingo upande, wanamtazama mdomoni, kidole kiko juu ya kitufe kinangoja pigo la kwanza litakalofuata atakapovuta hewa.