Nilivyokula dari huko New Mexico

Kwa kuwa mwenzangu ameshairusha video na kuipa jina "Bubu wa Jangwani", nipeni dakika mbili nami nijitetee. Najua mmeiona. Mama mkwe naye ameiona, ila yeye kasema tu "pole baba", na hapo ndipo palipouma.

Pale ni White Sands, kusini mwa jimbo la New Mexico, Marekani. Matuta meupe pee, kilomita za mraba kama 710, na huo si mchanga wa Kigamboni. Ni jipsamu, hiyohiyo ya dari za Sinza. Mvua huiyeyusha milimani, maji yanashuka bondeni, hayana njia ya kwenda baharini, yanakauka hapohapo. Vinabaki vipande kama vioo ambavyo upepo unavisagasaga. Jua linachoma utosini lakini chini pamepoa, unatembea peku raha mustarehe. Haya yote niliwahubiria wenzangu njia nzima, maana miaka miwili nilikuwa saidia fundi wa dari. Mtaalamu!

Watu huko wanateleza kwenye matuta kwa visahani vya plastiki. Unapaka nta chini, unakaa, unasukumwa. Watoto wa miaka mitano walikuwa wanashuka huku wanatafuna biskuti. Nikasema, lete hicho.

Sasa tulieni hapa. Nimekaa. Nimekunja miguu. Mwenzangu ananiambia, "Funga mdomo." Namjibu, "Mimi wa kuambiwa nifunge mdo..."

Akanisukuma.

Katikati ya tuta kisahani kikageuka, nikawa nashuka kinyumenyume, namwona jamaa anazidi kuwa mdogo, simu mkononi. Mdomo bado uko kwenye "mdo". Kikageuka tena. Chini kikagota, kikasimama. Mimi sikusimama. Nilitua kifudifudi, nikachota jipsamu hadi magego ya mwisho.

Sikuumia hata kidogo. Tatizo ni kwamba utaalamu uliamka. Nikaiona ndoo yetu ya Sinza: unga wa jipsamu, maji, koroga, ukichelewa kidogo imeshakuwa jiwe, unatupa na ndoo yake. Na mate ni maji! Mwenzangu akaja mbio na chupa. Nikaipiga kofi ikaruka. (Wewe unayerudia kipande hicho huko Tabata, nakujua.) Nikatoka nduki, mdomo wazi, ulimi nje ukauke kwa upepo. Nikapita familia moja, wakakusanya watoto. Nikamfikia askari wa hifadhi, mama mtu mzima mwenye kofia pana. Kuongea siwezi, nitafunga mdomo. Nikamwigizia ndoo. Nikamwigizia mwiko. Nikamwigizia mazishi.

Mwenzangu alipofika kutafsiri, yule mama akaeleza kwa upole mno: unga wa mafundi huwa umechomwa kwanza, maji yaliyomo yakatoka, ndiyo maana ukikutana na maji unashika. Hii ya hapa ni mbichi, haigandi. Sukutua, tema.

Nikasukutua, nikatema, tukarudi El Paso, tukala, tukalala.

Leo asubuhi video imemfikia fundi wangu wa zamani. Kaniletea ujumbe wa sauti, sekunde nne tu: "Ikikauka, piga msasa kwanza ndipo upake rangi."