Sijapooza jamani, nilichoma sindano

Naona shoga yangu wa Buzuruga keshawatangazia grupuni kwamba nilianguka na kiharusi ukweni Sengerema. Sikuanguka. Nilikuwa nimekaa mkekani vizuri tu, tena na kitenge kipya.

Mnajua navyosaga meno usiku. Dada alishanirekodi, ukisikiliza utadhani mashine ya dona Igoma. Dokta akaniambia ng'ata meno, akashika hapa kwenye kona ya taya, msuli ukasimama kama ndimu, akasema sindano ya botoksi inaulegeza, halafu baada ya mwezi au miwili na uso nao unapungua. Meno nikayasahau palepale, nikabaki na neno moja tu: unapungua. Wenye nyuso za sinia mnanielewa.

Akanionya nisijisuguesugue uso siku hiyo, dawa isije ikahamia kwenye msuli wa jirani. Na mimi nilishalipia skrabu saluni Kirumba, hela iliwe hivihivi? Nikaenda jioni ileile. (Msinianze.)

Siku ya kumi na moja ndo tukapanda kivuko cha Kamanga kwenda kutambulishwa. Nikapiga magoti, nikasalimia Kisukuma, mwangaluka kwa kila mtu, tukaletewa matobolwa. Kwa wasioyajua, ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani mpaka vikawa kama soli ya kandambili, vitamu balaa ila vinataka taya. Na taya mimi nimelilipia lipumzike. Natafuna, natafuna, kipande kiko vilevile, nikakiegesha shavuni.

Hapo ndo mzee akanitania, eti Mhaya kafuata matobolwa, kwani ndizi zimeisha Bukoba? Nyumba nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Yaani, nilidhani nacheka. Shavu la kushoto likapanda mpaka karibu na sikio, la kulia likatulia limenuna kama halikualikwa. Nikaona watu wanaacha kucheka mmojammoja, akaanza wifi, akafuata shangazi, mwisho mzee mwenyewe. Nikadhani sijacheka vya kutosha, nikaongeza. Ndo kipande kikachungulia upande wa kulia, kikateleza taratiiiibu mdomoni, kikaning'inia kidogo kidevuni kama kinaaga, kikatua kwenye kitenge kipya. Mate yakakifuata.

Bibi akashika kichwa. "Ng'wanawane, inua mkono!" Nikainua yote miwili. Taja jina lako! Nikataja. Kijana keshawasha bodaboda nje, na shoga yangu, huyuhuyu mtangazaji, analia anamwita Yesu.

Ikabidi niseme. Kimyaaa. Mzee akauliza kwa upole kabisa:

"Kwa hiyo mwanangu, umetoa hela ili usitafune?"

Basi bwana. Dokta kasema tabasamu litarudi lenyewe dawa ikiisha nguvu, nivumilie. Kusaga kumepungua kweli, uso bado sinia. Mahari inajadiliwa. Na nyie mnaonitumia emoji ya mdomo wa upande, nawaona wote.

Jana bibi katuma mzigo kwa kivuko. Unga wa uji, kilo tano.