Kabla ya Kuilaumu Ruta, Uliza Kama Anwani ni Yako

Desemba iliyopita mpwa wangu alikuja kwetu Tabata kwa likizo, kompyuta yake mkononi, na salamu zilikuwa hazijaisha alipoleta ombi lake: "Mjomba, naomba nywila ya ruta." Nikamtajia ya Wi-Fi. Akacheka, akasema hiyo anayo tayari. Aliyoitaka ni ya ukurasa wa mipangilio, kwa sababu alikuwa ameanzisha seva ya mchezo wa Minecraft, yaani kompyuta yake iwapokee wachezaji wengine, na binamu zake wa Tanga na Muscat walikuwa wanashindwa kuingia.

Kwa wasioifahamu shughuli hii, ruta ya nyumbani ni kama geti la nyumba ya kupanga. Simu, televisheni na kompyuta zote hutoka nje kwa anwani moja, yaani namba inayozitambulisha kwenye intaneti, na mgeni asiyetarajiwa akibisha hodi, ruta haijui anamtafuta mpangaji yupi, hivyo humwacha nje. Kufungua porti, yaani mlango wenye namba yake, ni kuiachia ruta maagizo kwamba atakayebisha kwenye 25565, ambayo ndiyo porti ya kawaida ya Minecraft toleo la Java, apelekwe kwenye kompyuta yenye anwani, tuseme, 192.168.1.50. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, ilimradi kwanza uitengee kompyuta anwani isiyobadilika, la sivyo kesho ruta inaweza kuigawia nyingine na wageni wakaelekezwa kwenye televisheni. Kati ya njia mbili za kusafirisha data, chagua TCP, kwani UDP ni ya toleo la Bedrock linalotumia 19132, kisha uiruhusu programu ya Java kwenye fayawoli ya Windows, yaani mlinzi wa kompyuta yenyewe.

Tuliyafanya yote hayo, tukapima kwa data ya simu badala ya Wi-Fi, maana ruta nyingi hazikubali kuitikia hodi ya anwani yao ya nje inayopigwa kutoka ndani. Hakuna kilichofunguka. Tulirudia siku ya pili, tukaizima ruta na kuiwasha, na kijana akaanza kuamini kwamba amekosea mahali.

Hakuwa amekosea. Usiku wa pili nilifungua ukurasa wa hali ya ruta na kusoma anwani iliyopewa upande wa nje: ilianza na 100.81. Nilipoitazama anwani yetu kwenye tovuti inayomwonyesha mtu anavyoonekana huko nje, nikakuta nyingine kabisa. Anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, utaratibu unaoitwa CGNAT. Kwa lugha ya geti, mtaa wetu mzima ulikuwa umezungushiwa ukuta wenye geti jingine, na mlinzi wa hapo hapokei maagizo kutoka kwangu. Tungeweza kufungua porti zote 65,535 za ruta yetu na binamu wa Muscat asingefika hata barazani.

Sizilaumu kampuni kwa kutumia CGNAT. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa namba za intaneti, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, ghala kuu likaisha Februari 2011, na AFRINIC, taasisi ya Mauritius inayogawa anwani kwa Afrika, tangu Januari 2020 imekuwa ikitoa zisizozidi 1,024 kwa kila ombi. Uhaba ni wa kweli. Kinachonikera ni ukimya. Nilipopiga simu huduma kwa wateja niliambiwa mara tatu nizime ruta na kuiwasha, na hakuna aliyetamka kwamba laini niliyouziwa haina anwani yake ya umma. Fomu niliyotia saini ilieleza kasi, bei na tarehe ya malipo. Mstari mmoja wa nyongeza, wenye kusema kama mteja anapata anwani ya umma au ya kushirikiana na gharama ya kubadilisha ni kiasi gani, ungetuokolea siku mbili.

Ukimya huo pia unawasukuma vijana kwenye ushauri mbaya. Mpwa wangu alikwisha kuelekezwa na video moja aiweke kompyuta kwenye DMZ, yaani wageni wote wa nje, wa porti yoyote, wapelekwe kwake. Nyuma ya CGNAT hatua hiyo haisaidii chochote, na siku anwani ya umma ikipatikana, kompyuta nzima itabaki uchi. Desemba 2021 udhaifu wa kiusalama ulioitwa Log4Shell ulionyesha kwamba ujumbe mmoja ulioandikwa kwenye gumzo la Minecraft uliweza kumpa mgeni udhibiti wa seva isiyosasishwa. Kwa hiyo hata porti moja, ukiifungua, ifungue pamoja na orodha ya wachezaji unaowaruhusu, na uifunge mchezo ukiisha.

Sisi tuliishia kuweka Tailscale kwenye kompyuta zote tatu, programu inayozikutanisha kana kwamba ziko chini ya paa moja, bila ruta kuombwa ruhusa yoyote. Saa tatu usiku kwetu, saa nne Muscat, binamu aliingia na jambo la kwanza alilofanya ni kuvunja ukuta wa nyumba aliyojenga mpwa wangu. Maagizo ya 25565 niliyafuta usiku uleule, na asubuhi nikaiandikia kampuni kuuliza bei ya anwani ya umma.