Pua haifi kiwandani tu
Hapo mlipoandika kwamba kupoteza uwezo wa kunusa harufu sababu ya kemikali kazini ni shida ya watu wa viwanda vikubwa, hapana jamani, njooni Tandahimba huku Mtwara mwezi wa 7 muone. Kule salfa ya korosho, ile dawa ya unga, tunapuliza alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia ili unga ushike, maana ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukiwahi maua huna msimu, sasa ule unga wa salfa hauchagui, nusu unaenda kwenye mkorosho nusu unakurudia usoni, na kinga yenyewe ni kipande cha kanga umejifunga puani. Macho yanawasha kama umepakwa pilipili, hayo kila mtu analalamika, ila pua inakufa kimyakimya. Mjomba wangu kapuliza zaidi ya misimu kumi, juzijuzi kunde zimeungua jikoni moshi umejaa nyumba nzima na yeye kakaa hapo barazani hatua tatu tu anachambua korosho wala hana habari, mpaka shangazi karudi kisimani anapiga kelele. Mboga nayo anaongeza chumvi kila siku anasema haina ladha (shangazi alishanuna kweli kwa hilo). Zahanati wanampa dawa ya mafua, hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Siwezi kuapa kwamba ni salfa peke yake, lakini wapulizaji wenzangu wa Newala na Masasi, nyie bado mnasikia harufu ya korosho ikichomwa?