Wabunge wa Kusini wanasemea korosho. Kura zao ni za nani?

Mbunge wa Mtwara au Lindi hapimwi kwa hotuba. Hotuba za wabunge wetu zimekuwa kali miaka yote, awe wa chama tawala au wa upinzani. Atatumia dakika zake kueleza mkulima wa Tandahimba anavyodhulumiwa, atapigiwa makofi, kisha pumzi ya mwisho atasema "naunga mkono hoja" na kukaa. Ikifika zamu ya kupitisha mafungu atashika shilingi ya waziri, yaani atatishia kuzuia fungu lake hadi apate maelezo, waziri atajibu kwa ahadi, na shilingi itarudishwa. Wanaosikiliza redioni kule Masasi au Nachingwea watacheka au watatukana, kutegemea korosho zimelipwa au bado. Kinachosumbua ni hiki: kwa nini mtu anayesema hivi anapiga kura vile?

Vijiweni jibu ni jepesi: tumbo. Mbunge anatetea posho, kiinua mgongo na ndoto ya uwaziri. Silikatai jibu hilo, binadamu ni binadamu, ila linaeleza kidogo mno. Halisemi kwa nini wabunge wa eneo moja, wenye wakulima wa zao moja, hujikuta pande tofauti. Wala halisemi kwa nini mtu huyohuyo anakuwa mkali muhula huu na mpole muhula ujao. Tumbo halibadiliki haraka hivyo. Kinachobadilika ni kiti alichokalia.

Chukua Juni 2018. Korosho ghafi inayouzwa nje hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Kwa sheria ya wakati huo asilimia 65 ya makusanyo ilipaswa kurudi kwenye zao, yaani pembejeo, miche na utafiti, na asilimia 35 ikabaki Hazina. Sehemu ya zao ilikuwa haijapelekwa kwa muda, na wabunge walikuwa wakidai zaidi ya shilingi bilioni 200. Badala ya deni kulipwa, ukaja Muswada wa Sheria ya Fedha uliotaka makusanyo yote yaingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini wa CCM, chama tawala, na wa CUF na CHADEMA, vya upinzani, wakajikuta upande mmoja, jambo lisilotokea kila siku. Nape Nnauye wa Mtama na Hawa Ghasia wa Mtwara Vijijini, wote wa CCM, walipinga kwa maneno ambayo mgeni angeyasikia angedhani wanatoka upinzani.

Muswada ukapita. Siku chache baadaye Rais Magufuli akawakosoa hadharani wabunge wa Kusini wa chama chake. Mwaka huohuo Ghasia, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Bajeti, akaachia uenyekiti huo. Huku kwetu watu waliyaunganisha mambo hayo mawili. Mimi sitaapa.

Sasa tazama viti vyao. Nape alikuwa amevuliwa uwaziri Machi 2017, kwa hiyo Juni 2018 alikuwa mbunge wa kawaida, na hakuna waziri wa kumwambia asubiri. Kassim Majaliwa alikuwa mbunge wa Ruangwa, ambako mikorosho inapigwa salfa, dawa ya unga ya kuzuia ugonjwa, kama ya Mtama, lakini alikuwa pia Waziri Mkuu, ndiye anayesimamia shughuli za Serikali bungeni. Aliye kwenye nafasi hiyo hapingi muswada wa Serikali akabaki nayo. Maftaha Nachuma wa CUF, Mtwara Mjini, angeweza kusema hapana kuanzia asubuhi hadi jioni bila chama chake kumuuliza kitu. Tatizo lake lilikuwa lingine: fimbo ya mbali haiui nyoka, na CCM ilikuwa na wingi wa kupitisha itakacho. Wote watatu walijua bei ya salfa. Tofauti yao haikuwa upendo kwa mkulima. Na Nape aliporudishwa kwenye Baraza la Mawaziri Januari 2022, akaingia chini ya kongwa lilelile la uwajibikaji wa pamoja: waziri hapingi hadharani kilichoamuliwa na Serikali.

Kongwa la chama nalo lina maandishi. Katiba, Ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama na mgombea wa chama cha siasa. Ibara ya 71 inasema akiacha kuwa mwanachama wa chama hicho, ubunge unakwisha. Kwa hiyo kadi ya chama ndiyo kiti chenyewe. Halafu kuna uteuzi: unaweza kuongoza kura za maoni za ndani ya chama jimboni na bado jina likakatwa, kwa sababu neno la mwisho ni la vikao vya taifa. Mbunge wa viti maalum yuko mbali zaidi na mkulima, maana jina lake halipiti mbele ya wapiga kura wa jimbo lolote. Juu ya yote iko Ibara ya 90: Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Na bajeti kuu ndiyo kura inayopigwa kwa kuitwa jina, mmoja mmoja. Mbunge anaitwa, wenzake wa chama wanasikiliza, na hapana yake ina harufu ya kumrudisha kila mtu kwenye kampeni kabla ya wakati.

Ukisoma mpaka hapa unaweza kukata kauli kwamba uwakilishi ni maigizo. Wanaotetea nidhamu ya chama wana hoja, na baadhi ni nzito kuliko tunavyopenda kukiri huku Kusini.

Kwanza ni hesabu. Mtwara ilikuwa na majimbo 10 na Lindi 8, kati ya 264 ya nchi nzima. Wabunge 18, hata wakifungwa kamba moja, hawapitishi wala hawaangushi kitu. Kila kitu Kusini ilichokipata kwa sheria au bajeti kilipitia kwa wabunge wa Mwanza, Kilimanjaro na kwingineko walionyoosha mkono kwa jambo lisilowahusu. Walinyoosha kwa sababu chama kiliamua. Siku kila mbunge akipigia kura zao la jimbo lake tu, watakaoumia mapema ni wachache, na wachache ni sisi.

Pili, wapiga kura wetu wengi huchagua chama. Mgombea asiyejulikana hata kijiji cha pili hupita kwa ilani na rangi. Akishapita kwa ilani, tutamlaumuje kwa kuipigia kura?

Tatu, na hili ndilo gumu, jimbo linaweza kuwa na madai ya haki na bado lisiwe na haki ya kupata yote. Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Mei 22, 2013, siku ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini bungeni, mji ukawaka moto, watu wakafa, nyumba na ofisi zikachomwa. Mbunge wa Mtwara wa wakati ule afanye nini? Akiwafuata wapiga kura wake neno kwa neno, anapiga kura ya kuzuia umeme wa nchi nzima. Akiifuata Serikali, harudi nyumbani. Bomba lilijengwa, zaidi ya kilomita 500, likazinduliwa 2015, na mitambo ya Kinyerezi ikapata gesi. Binafsi naona bomba lilikuwa sahihi na jinsi lilivyoletwa haikuwa sahihi. Watu walitaka kujua viwanda walivyoahidiwa vimeishia wapi, wakajibiwa kwa mabomu ya machozi. Mbunge aliyetumwa kuuliza swali hilo hakuhitaji kupinga bomba. Alihitaji kushikilia kura yake mpaka jibu liandikwe.

Hapo ndipo ninapoachana na watetezi wa nidhamu. Hoja zao zote tatu zinadhani kwamba kabla ya kura kuna mahali mbunge anabishana, anauza msimamo wake kwa bei fulani, kisha anakubaliana na wenzake. Mahali hapo papo: ni kamati za Bunge na ni kikao cha wabunge wa chama, ambako anayetaka muswada urekebishwe husema mapema na anayekataa hubembelezwa au hutishwa. Lakini kikao cha chama ni cha ndani, na kamati hupewa muda mfupi miswada inapokuwa mikubwa. Julai 2015 sheria tatu zinazoigusa Lindi na Mtwara kuliko mkoa mwingine wowote, ya petroli, ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na ya uwazi katika tasnia ya uziduaji (uchimbaji wa madini, mafuta na gesi), zilipitishwa kwa hati ya dharura, yaani kwa haraka bila kufuata muda wa kawaida, huku baadhi ya wabunge wa upinzani wakiwa wamesimamishwa baada ya vurumai ukumbini. Mbunge aliyeletewa vitabu vitatu vya sheria kwa siku chache, hata akiwa na moyo safi, ataamua kwa njia ya mkato: waziri kasemaje, mwenyekiti wa kamati kasemaje, mnadhimu, msimamizi wa nidhamu ya wabunge wa chama, kasemaje. Sidhani tumwite msaliti. Kachoka na hana mtafiti ofisini.

Kuna pia kishawishi ambacho wachambuzi wa Dar hukidharau: barabara. Ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala ni kama kilomita 210, inabeba korosho nyingi za nchi, na ililazimika kusubiri mno. Kipande cha Mtwara–Mnivata, kilomita 50, ndicho kilichotangulia kupata lami. Nangurukuru–Liwale imeombwa bungeni na kila aliyepita. Mbunge anajua kwamba mkutano wa hadhara Liwale hauulizi alipigaje kura kwenye Sheria ya Fedha. Unauliza lami. Na lami iko mkononi mwa waziri, ambaye bajeti yake inasubiri ndiyo ya mbunge huyo. Mkono mtupu haulambwi. Zuberi Kuchauka wa Liwale alipoondoka CUF mwaka 2018 na kurudi bungeni kwa tiketi ya CCM, na Cecil Mwambe wa Ndanda alipoiacha CHADEMA mwaka 2020, lugha ya msimu ule ilikuwa "kuunga mkono juhudi za Rais". Wako waliosema wamenunuliwa, wako waliosema wameona mbali kwa ajili ya majimbo yao. Ushahidi wa dai la kwanza sina, la pili linahitaji kuhesabiwa kwa kilomita.

Tukirudi kwenye korosho, matokeo yenyewe yanachanganya. Msimu wa 2017/18 ulivuka tani 300,000. Uliofuata ukashuka hadi karibu 225,000. Wengi hunyoosha kidole kwa sheria ile ya Juni, ila salfa huanza kupulizwa mwezi wa tano au wa sita, kwa hiyo muswada uliopita mwisho wa Juni haukuwa na muda wa kuua msimu uleule. Malimbikizo ya nyuma na hali ya hewa vina sehemu yao. Kisha Novemba 2018 Serikali ikanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Baadaye, chini ya Rais Samia, sheria ilirekebishwa tena, sehemu ya ushuru ikarudi kuhudumia zao, na pembejeo za ruzuku zikarudi vijijini. Yaani waliopaza sauti 2018 walikuwa na hoja ambayo Serikali yenyewe iliikubali ilipobadilika. Kelele zao hazikuwa bure, ingawa kura haikuwafuata.

Je, wapiga kura waliwalipa? Hapa ndipo nadharia ya kwamba mbunge atafuata jimbo kwa sababu anataka kuchaguliwa tena inapokwama. Uchaguzi wa 2015 uliipa upinzani majimbo manne kati ya manane ya Lindi na matatu kati ya kumi ya Mtwara. Mwaka 2020, katika uchaguzi ambao upinzani uliulalamikia nchi nzima, yote saba yalikwenda CCM. Lakini Mtwara Vijijini, kwa Hawa Ghasia, mwanamke aliyesimamia korosho mbele ya Serikali yake, ikaenda kwa Shamsia Mtamba wa CUF, mmoja wa wabunge wachache mno wa upinzani waliochaguliwa majimboni Tanzania Bara mwaka ule. Huenda watu walimwadhibu kwa chama chake, huenda kwa miaka mingi madarakani, huenda kwa mambo ya vijijini ambayo mimi wa mjini siyajui. Mbunge kijana akilitazama tukio hilo anajifunza nini? Kwamba kugombana na chama kunagharimu, na jimbo halirudishi gharama.

Kwa hiyo sitashangaa kama wengi wataendelea kugawana kazi: mdomo kwa jimbo, kura kwa chama. Ninachodai ni kidogo. Ukitoa bajeti, miswada mingi huamuliwa kwa sauti: wanaoafiki, wasioafiki, na Hansadi, kumbukumbu rasmi ya Bunge, inaandika "hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Hakuna jina. Mkulima wa Newala anayetaka kujua mbunge wake alisema ndiyo au alinyamaza tu hana pa kusoma. Majina yakiandikwa kwa kila muswada unaogusa zao, gesi au ardhi, mbunge anayetii chama atalazimika kuja kueleza sababu, na yule anayekaidi atakuwa na cha kuonyesha. Wengine watasema hilo litawabana zaidi, kwa kuwa chama nacho kitasoma majina. Ni kweli, ila chama kinayajua tayari, kilikuwemo ukumbini.

Kanuni za Bunge hutungwa na Bunge lenyewe, Ibara ya 89 inasema hivyo. Hoja ya kuandika majina ingepaswa kupitishwa na walewale wanaostarehe yasipoandikwa, na kwa utaratibu wa kawaida ingeamuliwa kwa sauti.