Ukifika mji wa watu, tafuta kumbi za gemu za zamani

Sisi wa Kigoma tukisafiri nje tunarudi na nguo, simu na picha za maghorofa. Nawasihi wenzangu waongeze jambo moja kwenye safari: watafute ukumbi wa gemu za zamani, walipie, wacheze na wenyeji.

Tokyo kuna ukumbi uitwao Mikado, mtaa wa Takadanobaba. Humo Street Fighter II, gemu ya kupigana ya mwaka 1991, bado inachezwa kwa sarafu. Katika kumbi za Japani mashine mbili za kupigana hugeuziana migongo, basi mpinzani wako humwoni, unaona tu mpiganaji wake kwenye kioo. Mtu anaweza kukupiga raundi tatu bila kuijua sura yake. Kwetu Mwanga, hapa Kigoma, ni kinyume kabisa: benchi moja, TV moja, bega kwa bega, na nyuma yenu kundi linalosubiri zamu likipiga kelele. Anayefungwa kwenye Winning Eleven, gemu ya soka, anatoa pedi, anainuka. Napenda zaidi ya kwetu. Lakini nisingeitambua thamani yake kama nisingekaa kwenye kile kiti cha Tokyo, kimya, nikipigana na mtu nisiyemwona.

Msichelewe. Kampuni ya Sega, iliyowahi kuwa na kumbi nyingi Japani, ilifunga jengo lake mojawapo mashuhuri pale Akihabara, mtaa mwingine wa Tokyo, Agosti 2020, na kufikia 2022 ilikuwa imejitoa kabisa kwenye biashara hiyo. Kumbi zilizobaki zikapewa jina la GiGO. Marekani nako, utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 haziuzwi tena na wenye haki zake. Ndiyo maana maduka kama Super Potato, palepale Akihabara, nayaheshimu sana. Kanda za gemu, zile za kuchomeka kwenye mashine, zimepangwa hadi darini, na ghorofa ya juu unacheza.

Ukinunua, angalia umeme. Japani wanatumia volti 100, sisi 230; mashine ya kule ukiichomeka hapa moja kwa moja utaiunguza. Kanda ndizo za kubeba. Zile TV gemu za Kichina tulizokua nazo, nyingi zilitengenezwa kwa kuiga Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya 1983, kwa hiyo kanda halisi ya Famicom inaingia kwenye tundu lake bila shida.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Mashine hizo tunazitupa. Mabanda ya gemu yanabadilisha vyombo, za zamani zinapimwa kwa kilo pamoja na mabati, na TV za chogo zinafuata. Ile bunduki ya TV gemu ya kupigia bata haifanyi kazi kwenye TV bapa. Inategemea namna TV ya chogo inavyochora picha. Mafundi wetu wanaojua kulehemu pedi iliyokufa wapo, tena hodari, ila hawaletewi kazi.

Mwenye banda yeyote, Mwanga au Ujiji, atakayetenga kona ya TV moja ya chogo na TV gemu moja inayowaka, nitampelekea kanda zangu zote. Watoto wazicheze, na bei ya mchezo apange mwenyewe.