Mtoto wa Kusini yuko wapi kwenye vipindi vya watoto?

Akili ana miaka minne. Anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila akilala huingia Lala Land, nchi ya ndotoni ambako wanyama rafiki zake humfundisha herufi, namba na rangi. Katuni hiyo, Akili and Me, ni kazi ya Ubongo ya Dar es Salaam, haohao walioanza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014. Naanza nayo kwa sababu ni kazi nzuri. Kulaumu katuni mbovu za kuletwa ni rahisi na hakutufikishi mbali. Swali gumu ni kama mtoto wa Newala au Liwale, huku kusini mwa Tanzania, akikaa mbele ya kipindi kizuri cha nyumbani, anaona kwamba na yeye yumo.

Wapo wanaosema hilo si swali la maana, na hoja yao ina uzito. Hapa Mikindani nimewaona watoto wa jirani wamebanana kwenye mkeka, mdogo wao kasimama karibu kugusa runinga, anaijibu hesabu kabla haijarudiwa. Huyo hajawahi kuuona mlima wenye theluji, na hilo halikumzuia kitu. Katuni ni ghali kutengeneza. Hakuna atakayemudu moja kwa kila mkoa. Tena nchi hii ilichagua kwa makusudi kwamba mtoto wa Mmakonde na mtoto wa Mchaga wasome kwa Kiswahili kimoja, na kusini tumefaidika na uamuzi huo kama wengine. Mtoto ana haki ya kuota mbali na kwao.

Nakubaliana nao mpaka hapo. Ninapoachana nao ni pale wanapoihesabu katuni peke yake, kana kwamba mtoto haoni kingine. Runinga ya nyumbani haizimwi kipindi cha watoto kikiisha. Inakuja taarifa ya habari, na mtoto wa Mtwara au Lindi akitokea humo, mara nyingi ni habari ya mimba za utotoni au utoro baada ya unyago, akizungumziwa na watu wazima. Inakuja vichekesho, na humo lafudhi ya Kimakonde ni ya mlinzi wa getini, watu wacheke. Halafu inafika Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, siku ya kukumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976 wakidai kusikilizwa. Mtoto wetu anapanda jukwaani na sare iliyopigwa pasi, anamsomea mgeni rasmi risala aliyoandikiwa na mwalimu. Katika yote hayo sauti yake mwenyewe haijasikika.

Mwaka 1995, katika mkutano wa dunia wa televisheni na watoto uliofanyika Melbourne, ulitolewa mkataba unaosema kwamba watoto wanapaswa kujisikia, kujiona na kujieleza wenyewe, pamoja na utamaduni wao, lugha zao na maisha yao. Mimi nashikilia hilo la kujieleza, kwa sababu ndilo lililosahaulika. Kuchora mhusika aliyevaa shati lenye picha ya korosho hakutatui kitu.

Na korosho yenyewe ndiyo inayoonyesha ugumu ulipo. Msimu ukifika, watoto wengi wa Tandahimba na Masasi huwa shambani na wazazi wao. Wanaokota, wanazungusha korosho mpaka inaachia bibo, wanaianika, wanajua ipi imekauka na ipi bado kwa kuitikisa tu. Wanajua kilo, gunia, na kwamba chama cha msingi cha ushirika kinachopokea korosho kina makato yake. Ukitaka kufundisha asilimia, somo zima liko pale kwenye mizani. Mtoto anayeyajua hayo ni stadi, na anastahili kuonekana hivyo mbele ya wenzake wa Arusha na Mwanza.

Lakini pindi ukimwonyesha anaokota, mtu wa haki za watoto atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, siku hiyo hakupaswa kuwa darasani? Ukimwonyesha anabangua, je, mafuta ya ganda yanayobabua ngozi nayo yataimbiwa wimbo? Kipindi kinaweza kuigeuza ajira ya watoto ikawa pambo. Ndiyo maana watayarishaji wengi hukimbilia mtoto asiye na mahali: kijiji safi, nguo safi, mti usio na jina. Naelewa woga wao, ila sioni kwamba ni lazima kuchagua kati ya kumpamba na kumficha. Mwulize yeye. Atakwambia anachopenda shambani na kinachomchosha, na siku aliyokosa shule ataitaja bila kuombwa. Watoto si wanafiki wa mambo hayo.

Unyago na jando nayaweka kando kidogo. Humo mna faragha ya mila, na mtoto mdogo hawezi kuibeba mbele ya kamera kwa niaba ya ukoo mzima. Hapo nawaunga mkono wazee.

Ninachokiona kinawezekana hakihitaji fedha za katuni. Simu nzuri, mtayarishaji mwenye subira, na dakika kumi za mtoto wa Msanga Mkuu anayevuka maji kuja Mtwara mjini, au wa Ruangwa anayeeleza mchezo alioubuni, kwa Kiswahili chake kama anavyokisema, asirekebishwe lafudhi. Vituo vya taifa vizirushe dakika hizo saa ileile ya vipindi vya watoto, baada ya Akili. Na mwalimu asimwandikie cha kusema.